Breki, Mlango na Saa

Matofali yaliwahi kusafiri kwa ndege kama barua. Hiyo ilikuwa Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1920, na hayakuwa na haraka ya kufika popote. Sheria ya mwaka 1925 ilikuwa imewakabidhi watu binafsi kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, na marekebisho ya mwaka uliofuata yakaagiza walipwe kwa uzito: hadi dola 3 kwa kila ratili katika maili 1,000 za mwanzo. Mwaka 1928 bei ya stempu ya barua za ndege ikashushwa. Wenye ndege hawakuchelewa kupiga hesabu. Ukijitumia mwenyewe kifurushi kizito, stempu inakugharimu kidogo kuliko kile ambacho serikali itakulipa kukibeba. Ndipo zikaanza kusafiri kadi za Krismasi kwa marobota, vitabu vya simu na, kwa mujibu wa masimulizi ambayo watu wa usafiri wa anga wa nchi ile hawachoki kuyarudia, matofali.

Ukitazama kipimo chenyewe, kila kitu kilikuwa shwari. Uzito uliobebwa ulipanda.

Waziri wa Posta, Walter Folger Brown, aliumaliza mchezo huo mwaka 1930. Chini ya sheria mpya, mwenye ndege alilipwa kwa nafasi aliyoitenga kwa ajili ya barua na kwa maili alizoruka, hadi dola 1.25 kwa maili, nafasi ijae isijae. Sasa ikawa faida kuwa na ndege kubwa. Na mwenye ndege kubwa ambayo nusu yake haina barua anatafuta cha kuweka humo: akaweka viti. Abiria aliingia katika biashara hii kama kijazio cha nafasi iliyobaki baada ya magunia ya posta, na vipimo vinavyotumika mpaka leo bado vina alama ya asili hiyo. Bidhaa ya shirika la ndege huhesabiwa kwa nafasi iliyosafirishwa: kiti kimoja kikienda kilomita moja, hiyo ni kiti-kilomita moja, awe amekaa mtu au hakuna. Kisha huhesabiwa viti vilivyokaliwa na watu waliolipa, navyo kwa kilomita. Gawanya cha pili kwa cha kwanza upate asilimia ya ujazo. Gawanya gharama zote kwa cha kwanza upate gharama ya kiti-kilomita. Mhasibu wa shirika lolote duniani, la Addis Ababa au la Muscat, huishi na tarakimu hizo nne.

Ila tarakimu hizo hazisemi ujazo upi ni mzuri. Kwa miaka 40 swali hilo lilijibiwa Washington. Bodi ya usafiri wa anga iliyotokana na sheria ya mwaka 1938 ndiyo iliyopanga nani aruke wapi na kwa nauli gani. Kwa kuwa nauli ilikuwa moja kwa wote, mashirika yalishindana kwa mambo mengine. Yaliongeza safari, yakapanua nafasi ya miguu, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 American Airlines ikaweka kinanda kwenye ukumbi wa mapumziko ndani ya Boeing 747. Ndege ziliruka zikiwa nusu tupu, gharama ikapanda, na kila gharama ilipopanda mashirika yalikwenda kuomba nauli ipandishwe. Katika uchunguzi mrefu wa nauli uliofanyika kati ya 1970 na 1974, bodi ikakata shauri: nauli itapangwa kana kwamba asilimia 55 ya viti vina watu. Shirika linaloruka na viti vitupu zaidi ya hapo libebe hasara lenyewe.

Asilimia 55 ilionekana sharti gumu. Leo meneja akienda na ujazo huo mbele ya wanahisa wake, atatoka bila kazi.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na mtihani wake, na pengine ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu waliokuwa wakipimana walikuwa ndugu: Kenya, Uganda na Tanzania, waliomiliki shirika moja. Shirika la ndege la East African Airways lilianza kuruka Januari 1946 kutoka Eastleigh, Nairobi, likiwa na ndege sita ndogo za Dragon Rapide, zenye mabawa ya ghorofa mbili yaliyowambwa kitambaa. Njia zake za awali zilishuka pwani: Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam. Baadaye zikaja Dakota, na mwaka 1960 ndege za jeti za Comet zikaanza kwenda London. Mwaka 1966 ikapokelewa Super VC10.

VC10 inastahili kusimuliwa kwa kituo. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mchana kuna joto, na ndege inayopaa bila taabu London inaweza kulazimika hapa kuacha mizigo au abiria ili inyanyuke. VC10 iliundwa kwa ajili ya viwanja vya namna hiyo: injini nne mkiani, mabawa safi yasiyoning'iniza kitu, nguvu nyingi. Nguvu hiyo ililipiwa kwa mafuta. Shirika la Uingereza la BOAC, ambalo kwa ajili yake hasa ndege ile iliundwa, lililalamika mwaka 1964 kwamba gharama yake ilizidi ya Boeing 707, na kwa karatasi halikukosea. Kilichokuja kuwasumbua wahasibu ni abiria. Injini zikiwa nyuma, ndani palikuwa kimya, watu wakaipenda, na ndege iliyoonekana ghali ikawa inajaa kuliko ile ya bei nafuu. Gharama ya kiti ilikuwa juu, ujazo nao ukawa juu. Nani mshindi hapo hutegemea umeanza hesabu upande gani wa daftari.

East African Airways ilinunua VC10 tano, na kwa miaka kadhaa mikia yake ilionekana London na Bombay. Lakini shirika lilelile lilikuwa likiruka pia kwenda Lindi na Mtwara, kwa ndege za pangaboi, abiria wachache, safari fupi. Safari fupi ni ghali kwa asili yake. Ndege huchoma mafuta mengi inapopaa, hulipa ada ya kutua kila inapotua, na wafanyakazi wa uwanjani humshughulikia abiria wa Tanga sawasawa na wa London. Gharama ya kiti-kilomita kwenye njia ya nusu saa haiwezi kulingana na ya njia ya saa nane, hata meneja awe malaika.

Tatizo lilikuja kwenye gharama za pamoja. Makao makuu yalikuwa Nairobi, na karakana kuu ilikuwa Embakasi. Mishahara ya mafundi, vipuri na ofisi ya tiketi ya Ulaya vilikuwa vya wote, sasa mzigo wake abebe nani? Ukigawa kwa saa za kuruka, Dakota inayokwenda polepole inajirundikia saa nyingi, na njia za ndani za Tanzania zinaonekana kula hasara kubwa. Ukigawa kwa kiti-kilomita, jeti ya London inabeba karibu kila kitu, na Mtwara inaonekana nafuu. Ukigawa kwa idadi ya miruko, anaumia mwenye safari fupi nyingi. Njia zote tatu zinakubalika kihasibu, na kila moja inamtaja mdaiwa tofauti.

Kwenye mapato pia palikuwa na mwiba. Tangu 1966 nchi tatu zilikuwa na sarafu tatu, na katika miaka ya 1970 kila moja ililinda fedha zake za kigeni kwa wivu. Tiketi zikauzwa Kampala na Dar es Salaam, fedha zikachelewa kufika Nairobi. Shirika lilikuwa na wenye mali watatu wasioamini hesabu za wenzao, na siasa za wakati ule, Idi Amin akiwa Kampala na Mwalimu Nyerere akiwa Dar es Salaam, hazikusaidia. Mwanzoni mwa 1977 ndege zikasimama. Kenya Airways iliruka mara ya kwanza Februari mwaka huo. Shirika la Ndege la Tanzania likaundwa Machi. Uganda ilikuwa imeshaanzisha la kwake mwaka uliotangulia. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa usifunguliwe hadi Novemba 1983.

Kazi ya kugawa mali za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya nchi hizo tatu, shirika la ndege likiwemo, ilipewa Mswisi, Dk. Victor Umbricht. Ilimchukua miaka. Mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984 uliipa Kenya asilimia 42 ya thamani, Tanzania 32 na Uganda 26. Hapo ndipo ulipatikana mgawanyo uliokubaliwa na wote, miaka saba baada ya shirika lenyewe kufa.

Wakati Nairobi na Dar es Salaam zikivutana juu ya daftari, Texas kulikuwa na watu waliokuwa wakitazama saa. Southwest ilianza Juni 1971 na Boeing 737 tatu, kati ya Dallas, Houston na San Antonio. Kwa kuwa haikutoka nje ya jimbo, bodi ya Washington haikuwa na mamlaka juu ya nauli zake. Ikaongeza ndege ya nne. Kisha, mwaka 1972, fedha zikakauka na ndege moja ikauzwa ili mishahara ilipwe. Ratiba ilikuwa ya ndege nne. Mkuu wa shughuli za uwanjani, Bill Franklin, akasema itatekelezwa na tatu, mradi tu ndege isikae chini zaidi ya dakika kumi.

Dakika kumi zilipatikana kwa kupekua kila tendo linalofanyika ndege ikiwa imeegeshwa. Abiria hawakupangiwa viti. Aliyewahi alikaa, kwa hiyo hakuna aliyesimama katikati ya njia akitafuta namba yake. Wahudumu walianza kuokota takataka nyuma ya ndege huku watu wa mbele wakiwa bado wanashuka. Mizigo ilikuwa tayari kando kabla magurudumu hayajasimama. Rubani akiona kazi imelala, aliinama naye. Mwaka 1973 shirika lilipata faida yake ya kwanza, na halikupata hasara ya mwaka mzima tena hadi ugonjwa wa korona ulipokuja kuzisimamisha ndege mwaka 2020.

Alichokigundua Franklin kwa kubanwa na shida, wachumi wamekuja kukiandikia vitabu. Ndege hulipiwa kwa mwezi, iruke isiruke. Ikiruka saa kumi na mbili kwa siku badala ya saa nane, rehani ileile inagawanywa kwa viti-kilomita vingi zaidi. Mwaka 1984 wachumi Caves, Christensen na Tretheway walichambua mashirika ya Marekani wakaonyesha kwamba shirika kubwa halipati unafuu wa maana kwa ukubwa wake tu. Unafuu hutoka kwenye kuzirudia njia zilezile mara nyingi, watu na ndege vikiongezeka juu ya mtandao uleule. Hicho ndicho East African Airways ilichokikosa kwenye njia zake za kusini, na hakuna mgawanyo wa gharama ambao ungekileta.

Mfano wa Texas, pamoja na ule wa California ambako nauli ya Los Angeles hadi San Francisco ilikuwa karibu nusu ya nauli ya Boston hadi Washington kwa umbali usiotofautiana sana, ulifikishwa mbele ya Seneti mwaka 1975 katika vikao vya Edward Kennedy. Miaka mitatu baadaye udhibiti wa nauli ukafutwa kwa sheria, na mwanzoni mwa 1985 bodi yenyewe ilikuwa haipo tena. Viti vikajaa. Vilevile foleni zikajaa, na kufikia 1987 malalamiko ya kuchelewa yalikuwa mengi kiasi kwamba Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ikaamua kuyaamuru mashirika makubwa yatangaze hadharani ndege ngapi zinafika kwa wakati.

Kwa wakati maana yake nini? Serikali ikasema: kabla dakika 15 hazijatimia tangu saa iliyoandikwa kwenye ratiba. Ya dakika 14 imewahi. Ya dakika 15 imechelewa. Mwanzoni ucheleweshaji uliotokana na ubovu wa ndege haukuhesabiwa. Ulianza kuingizwa mwaka 1995 tu. Abiria aliyekaa saa mbili akisubiri pampu ya mafuta ibadilishwe hakuwepo katika takwimu.

Mashirika yaliijibu amri hiyo kama wenye ndege wa 1928 walivyoijibu mizani ya posta. Saa iliyoandikwa kwenye ratiba huiandika shirika lenyewe, basi likairefusha. Safari iliyokuwa ya saa moja na dakika kumi ikaandikwa saa moja na nusu. Ndege za leo hazina kasi pungufu sana kuliko za miaka ya 1970, lakini kwa ratiba zake njia nyingi zimekuwa ndefu. Ndiyo maana rubani hutangaza kwa furaha kwamba mmetua dakika ishirini kabla, kisha mnakaa mkisubiri sehemu ya kuegesha.

Nani anaandika saa hizo? Zamani marubani waliziandika kwa kalamu au kuzitamka kwenye redio, na kwa kuwa mishahara yao huko Marekani hufuata muda wa safari, si kila dakika iliyoandikwa ilikuwa dakika iliyopita. Mwaka 1978 ukaanza mtambo wa kutuma ujumbe mfupi kutoka angani, ACARS, ambao ulimpokonya binadamu kalamu. Hutuma saa nne kwa kila safari: kuondoka kwenye maegesho, kupaa, kutua, kuingia kwenye maegesho. Milango ikifungwa na breki ya kuegesha ikiachiliwa, saa ya kwanza imeandikwa. Uzito ukitoka kwenye miguu ya magurudumu, ya pili. Ukirudi, ya tatu. Breki ikikazwa na mlango kufunguliwa, ya nne.

Kwa hiyo shirika linalotaka kuonekana limeondoka kwa wakati hufunga mlango, huachilia breki, husukumwa mita chache na kusimama. Takwimu imeridhika. Abiria ndiye aliyekaa kwenye lami saa nne, mpaka kanuni ya serikali ya Marekani ilipoanza kutumika mwaka 2010: zikipita saa tatu bila abiria kuruhusiwa kushuka, faini wakati huo iliweza kufika dola 27,500 kwa kila kichwa.

Ndani ya mashirika kuna daftari jingine lisilosomwa na abiria. Kila ucheleweshaji hupewa namba ya tarakimu mbili kwa mpangilio wa kimataifa, na namba hiyo humtaja mwenye kosa: abiria na mizigo, upakiaji, mafundi, hali ya hewa, mamlaka ya uwanja. Namba 93 humaanisha ndege ilichelewa kwa sababu ilichelewa kutoka safari iliyotangulia. Ndiyo namba inayopendwa na kila msimamizi wa kituo, maana inampeleka mwenye kosa kwenye kituo kingine.

Ulaya ubishi ulifika mahakamani. Kanuni ya huko humpa abiria fidia akichelewa kufika kwa saa tatu. Ndege ya Germanwings kutoka Salzburg iligusa ardhi ya Köln ikiwa imechelewa saa 2 na dakika 58, na ikafika kwenye maegesho ikiwa imechelewa saa 3 na dakika 3. Abiria mmoja akadai euro 250. Shirika likasema tumefika tulipotua. Tarehe 4 Septemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba kufika ni pale angalau mlango mmoja unapofunguliwa na watu wakaruhusiwa kutoka. Majaji walitumia hoja ambayo dereva yeyote wa daladala anaielewa: aliyefungiwa ndani hajafika.

Afrika Mashariki ya leo inatumia vipimo hivihivi juu ya hali isiyofanana navyo. Mwaka 2019 ndege za dunia zilijaa kwa asilimia 82.6, za mashirika ya Afrika zilizidi 70 kidogo tu. Fastjet ilipoanza Dar es Salaam Novemba 2012, ikiwa na nauli za kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi, ilileta mafunzo ya Texas yakiwa kamili: ndege za aina moja, safari nyingi, muda mfupi chini. Lakini viwanja kadhaa vya mikoani havikuwa na taa za njia ya kurukia, na jua linapozama saa kumi na mbili jioni, siku ya kazi ya ndege kwenye njia hizo imekwisha. Mwishoni mwa 2018 shirika hilo lilikuwa limeacha kuruka Tanzania.

Kenya Airways, iliyobinafsishwa mwaka 1996 KLM ikichukua asilimia 26, ilitajwa kwa miaka mingi kama mfano wa shirika la Kiafrika linalojua hesabu. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2016 ilitangaza hasara ya shilingi za Kenya bilioni 26.2, baada ya kununua ndege kubwa kwa ajili ya abiria ambao hawakuja kwa wingi uliotarajiwa. Mwaka huohuo ikauza nafasi yake ya kutua Heathrow, London. Mnunuzi alikuwa Oman Air, na bei iliyoripotiwa ilikuwa dola milioni 75. Haki ya kutua saa fulani ya asubuhi ilipata bei ya ndege nzima.

Tanzania nako, ndege za Shirika la Ndege la Tanzania (ATCL) zilimilikiwa na Wakala wa Ndege za Serikali, na shirika lilizikodi. Kwa mwaka wa fedha 2022/23 Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) aliripoti hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 56, huku baadhi ya Airbus A220 zikiwa chini kwa sababu ya matatizo ya injini yaliyowakumba wenye ndege za aina hiyo kwingineko duniani pia. Ndege iliyoegeshwa haizalishi kiti-kilomita hata kimoja, lakini bima na mishahara ya marubani wake vinaendelea kudai. Safari zikipunguzwa, abiria wa Mwanza na wa Kilimanjaro hubanana kwenye ndege zilizobaki, na katika jedwali la mwezi huo asilimia ya ujazo hupanda.